Kazi za Chuo Kikuu Zinatuhusu Nini Sisi Wakulima?

Somo la kujisomea na kujadiliana kikundini

Ukitoka hapa Kizota, ukapita mjini kati na kuendelea upande wa mashariki, utaona majengo mengi juu ya vilima. Hicho ni Chuo Kikuu cha Dodoma. Kilianzishwa mwaka 2007. Wengi wetu tunakijua kwa jina. Wengine tumepeleka mboga, kuku au matofali huko. Wengine tuna watoto wanaosoma huko.

Lakini hebu uliza jirani yako: "Je, wale wasomi wanafanya kazi gani?" Mmoja atajibu, "Wanasoma vitabu." Mwingine atasema, "Wanafundisha vijana." Majibu hayo ni ya kweli, lakini hayajakamilika.

Chuo kikuu kina kazi tatu. Kazi ya kwanza ni kufundisha. Kazi ya pili ni kutafiti na kubuni, yaani kutafuta maarifa ambayo bado hayajapatikana, na kutunga vitu vipya. Kazi ya tatu ni kuitumikia jamii kwa maarifa hayo. Katika somo hili tutaitazama kazi ya pili. Tutaona kwamba ina matawi mengi kama mbuyu. Tutaona pia kwamba matawi hayo yanafika mpaka kwenye ghala lako la mahindi na kwenye ndoo yako ya maji.

UTAFITI NI NINI?

Mama mmoja ana mbegu za mtama za aina mbili. Hajui ipi inavumilia jua. Anapanda aina moja mistari mitano, na aina ya pili mistari mitano pembeni yake. Anazipalilia sawasawa. Wakati wa mavuno anazipima kwa debe moja. Sasa anajua. Mama huyo amefanya utafiti.

Mtafiti wa chuo kikuu hufuata njia hiyo hiyo, ila huongeza mambo kadhaa. Kwanza, huuliza swali lililo wazi. Pili, hupima kwa uangalifu, tena mara nyingi. Tatu, huandika kila anachokiona, hata kile asichokipenda. Nne, huwaonyesha wataalamu wengine ili wamkosoe. Jambo hili la nne ni kubwa. Utafiti ambao hauruhusiwi kukosolewa ni kama baraza la mtu mmoja.

Pamoja na utafiti kuna kazi za ubunifu. Mtu anayetunga mchezo wa kuigiza, anayeandika shairi au anayechora picha naye anafanya kazi ya maarifa. Hapimi kwa mizani, lakini anatuonyesha maisha yetu wenyewe ili tuyafikirie.

SWALI LA MWANAFUNZI MMOJA

Tuanze na fizikia. Hii ni elimu ya nguvu, joto, mwanga na mwendo wa vitu.

Mwaka 1963 alikuwako mwanafunzi jina lake Erasto Mpemba katika Shule ya Sekondari ya Magamba, huko Lushoto, Mkoa wa Tanga. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu. Walichemsha maziwa na sukari, wakayaacha yapoe, kisha wakayaweka kwenye friji yagande. Siku moja Mpemba aliona nafasi ndani ya friji inakwisha. Basi akayatia maziwa yake yangali moto. Mwenzake mmoja alitia maziwa ambayo hayakuchemshwa. Baada ya muda walikwenda kutazama. Kumbe yale ya moto ndiyo yaliyokwisha kuganda!

Mpemba akamwuliza mwalimu sababu yake. Akaambiwa kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Hakuacha kuuliza. Alipokuwa Mkwawa, Iringa, mtaalamu wa fizikia kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam alifika kuzungumza na wanafunzi. Jina lake Denis Osborne. Mpemba akasimama, akauliza swali lile lile. Wenzake walimcheka. Osborne hakucheka. Alirudi Dar es Salaam, akafanya jaribio hilo katika maabara. Mwaka 1969 yeye na Mpemba waliandika habari hiyo pamoja katika jarida la kitaalamu. Tangu hapo jambo hilo linaitwa kwa jina la Mpemba duniani kote. Mpaka leo wataalamu wanabishana: linatokea lini, na kwa sababu gani? Wengine wanasema halitokei kamwe. Wanaendelea kupima.

Tunajifunza nini hapa? Swali la mtu mdogo laweza kuwa kubwa. Kucheka swali ni rahisi. Kulipima ndiyo kazi.

MAJI TUNAYOKUNYWA

Sasa tuje nyumbani. Mji wa Dodoma umepata maji yake kwa miaka mingi kutoka visima virefu vya Mzakwe, katika bonde la Makutupora, kaskazini mwa mji. Je, maji ya chini ya ardhi yanatoka wapi? Na je, yanaweza kwisha?

Tangu miaka ya 1950 watumishi wa idara ya maji walikuwa wakipima kina cha maji katika visima vya Makutupora na kuandika. Kazi hiyo haikuwa na sifa wala sherehe. Mtu anateremsha kipimo kisimani, anasoma namba, anaiandika. Kesho yake wengine wanaisahau. Lakini daftari zile zilihifadhiwa.

Baadaye watafiti wa vyuo vikuu vya Uingereza na wataalamu wa maji wa Tanzania walizikusanya namba hizo. Zilikuwa za miaka zaidi ya 50. Walizilinganisha na namba za mvua. Mwaka 2013 walitoa matokeo. Waliona kwamba maji ya Makutupora hayajazwi sawasawa kila mwaka. Miaka mingi kina kinashuka, kwa sababu tunavuta maji na mvua ni kidogo. Halafu inakuja masika moja ya mvua kubwa mno, kama ile ya mwaka 1997 na 1998, na kina kinapanda kwa nguvu.

Maana yake ni nini kwetu? Maji ya kisima ni kama akiba ya ghala ambalo halijazwi kila msimu. Mwaka wa mvua kubwa ghala linajazwa. Miaka inayofuata tunakula akiba. Kwa hiyo tusidhani kwamba mvua ya wastani ya mwaka huu imerudisha kila ndoo tuliyoichota.

Kazi nyingine ilifanywa kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1970. Watafiti wa jiografia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wenzao wa Uppsala, Sweden, walipima udongo unaochukuliwa na maji ya mvua. Walipima katika mabwawa, na miongoni mwa hayo yako ya mkoani kwetu, kama Ikowa, Matumbulu na Msalatu. Waliona kwamba udongo kutoka mashamba na malisho yaliyokwanguliwa ulikuwa ukiyajaza mabwawa hayo upesi. Bwawa likijaa udongo, maji yatakaa wapi? Mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, unaojulikana kwa jina la HADO. Mtu mwenye umri wa makamo hapa kwetu anaukumbuka.

SUMU ISIYOONEKANA KATIKA MAHINDI

Ndugu msomaji, sehemu hii uisome polepole. Ukiweza, msomee na mtu mwingine nyumbani.

Mwaka 2016 ugonjwa wa ajabu ulitokea katika wilaya za Chemba na Kondoa mkoani Dodoma, na Kiteto mkoani Manyara. Watu waliumwa tumbo, wakatapika, tumbo likavimba, macho yakawa ya njano. Watu zaidi ya 60 waliugua. Kiasi cha 20 kati yao walifariki. Wengi walikuwa watoto.

Watu walijiuliza: Ni homa? Ni uchawi? Ni maji?

Wachunguzi walikwenda vijijini. Walilinganisha nyumba zilizopata ugonjwa na nyumba nyingine ambazo hazikupata. Waliuliza watu wamekula nini. Walichukua mahindi na kuyapima katika maabara. Jibu lilikuwa ndani ya mahindi. Yalikuwa na sumu itokanayo na kuvu. Kwa Kiswahili tunaiita sumukuvu.

Sumu hii ilitambuliwaje mara ya kwanza? Mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa ghafla. Wataalamu walitafuta sababu, wakaikuta katika chakula chao. Kilikuwa kimetengenezwa kwa karanga zilizoota kuvu. Basi utafiti juu ya ndege wa kufugwa ukaja kusaidia kuokoa watu. Hivyo ndivyo maarifa yanavyotembea. Hapa kwetu, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kilichoko Morogoro na Taasisi ya Nelson Mandela iliyoko Arusha ni miongoni mwa vyuo vilivyofanya utafiti juu ya sumu hii.

Sumukuvu haina harufu. Haionekani kwa macho. Kupika ugali hakuiondoi yote. Mtu akila kidogo kidogo kwa muda mrefu, ini lake linaharibika na anaweza kupata saratani. Akila nyingi kwa mara moja, anaweza kufa.

Tufanye nini? Watafiti wametupa mambo haya:

1. Vuna mapema mahindi yanapokomaa. Usiyaache shambani yanyeshewe au yaangushwe na mchwa.

2. Usianike juu ya udongo. Anika juu ya turubai, mkeka au kichanja. Kuvu huishi katika udongo.

3. Kausha vizuri kabla ya kuweka ghalani. Unaweza kupima kwa chumvi. Chukua chupa kavu ya kioo. Tia mahindi mpaka theluthi ya chupa. Ongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu. Ziba, tikisa kwa dakika moja, kisha acha dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye chupa, mahindi bado ni mabichi. Anika tena. Chumvi isipoganda, mahindi yamekauka.

4. Chambua. Toa punje zilizooza, zilizobadilika rangi, zilizovunjika na zilizotobolewa na wadudu. Karanga nazo zichambue hivyo hivyo.

5. Usimpe ng'ombe mahindi yenye kuvu. Sumu hupita hata katika maziwa.

6. Ghala liwe kavu, lisivuje, na magunia yasikae sakafuni. Yaweke juu ya mbao.

Hapa Kizota tunaishi jirani na maghala makubwa ya nafaka ya taifa. Huko nafaka hupimwa unyevu kabla ya kupokelewa. Nafaka yetu ya nyumbani haina mpimaji ila sisi wenyewe. Basi chupa na chumvi visikose nyumbani.

PANYA WENYE KAZI

Sisi wakulima tunamjua panya kuwa ni mwizi. Lakini Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine, wako panya wenye kazi. Ni panya buku, wale wakubwa wenye mkia mrefu. Shirika linaloitwa APOPO lilianza kuwafundisha huko mwaka 2000.

Panya haoni vizuri, lakini pua yake ni kali mno. Hufundishwa kunusa baruti ya mabomu yaliyofukiwa ardhini wakati wa vita. Akiinusa, hukwaruza ardhi, na mtu anajua. Panya ni mwepesi, kwa hiyo bomu halilipuki anapopita juu yake. Panya mmoja aliyezaliwa Tanzania, jina lake Magawa, alipelekwa Kambodia katika bara la Asia. Alitambua mabomu na vilipuzi zaidi ya 100. Mwaka 2020 alipewa nishani ya dhahabu na shirika la Uingereza. Alikufa mwezi Januari 2022, akiwa mzee.

Panya wengine hunusa makohozi ya wagonjwa ili kutambua kifua kikuu. Panya mmoja aweza kunusa makohozi ya watu 100 kwa dakika 20 hivi. Akionyesha dalili, maabara hupima tena kuhakikisha. Kwa njia hii wamepatikana wagonjwa wengi ambao vipimo vya kwanza havikuwaona. Mgonjwa aliyejulikana anatibiwa, na haambukizi jamaa zake.

HISTORIA, LUGHA NA MICHORO

Wengine husema, "Maji na mahindi tumeelewa. Lakini historia itatupa ugali gani?" Swali hili ni la haki. Tulijibu.

Hapo Kolo, Kondoa, iko michoro ya kale kwenye mawe. Mapango na miamba yenye michoro ni zaidi ya 150. Wako wanyama, wako watu, wengine wanaonekana kama wanacheza. Profesa Fidelis Masao wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliichunguza michoro ya nchi hii ya kati tangu miaka ya 1970. Mwaka 2006 michoro ya Kondoa iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Sasa wageni wanakuja kuitazama. Michoro hiyo inatuonyesha kwamba watu waliishi hapa zamani sana, wakiwinda, wakifikiri na kuchora.

Profesa huyo huyo na wenzake wa chuo walifanya kazi Laetoli, karibu na Ngorongoro. Mwaka 1978 kundi la Mary Leakey lilikuwa limefukua huko nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili miaka zaidi ya milioni 3.6 iliyopita. Wataalamu wa Dar es Salaam wakapata nyayo nyingine mpya. Habari yake ilitangazwa mwaka 2016. Waliozipata ni Watanzania, katika ardhi ya Tanzania.

Upande wa lugha, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili. Mwaka 1981 taasisi hiyo ilitoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu. Kamusi ni kitabu kinachoeleza maana ya maneno. Kabla ya hapo, mtu aliyetaka maana ya neno la Kiswahili mara nyingi alilazimika kutumia kamusi yenye Kiingereza. Siku hizi kazi hiyo inaendelezwa na Taasisi ya Taaluma za Kiswahili katika chuo hicho hicho. Wewe uliyejifunza kusoma ukubwani unajua faida ya kupata maana ya neno kwa lugha unayoielewa.

Tena, usidhani maarifa hutoka chuoni tu kwenda kijijini. Mara nyingi hutoka kijijini kwenda chuoni. Mathias Mnyampala alizaliwa Ihumwa, hapa hapa Dodoma, mwaka 1917. Hakusoma chuo kikuu. Aliwauliza wazee, akaandika kitabu juu ya historia, mila na desturi za Wagogo. Kilitoka mwaka 1954. Alikuwa pia malenga mashuhuri, na ndiye anayekumbukwa kwa kuikuza ngonjera. Alifariki mwaka 1969. Mwaka 1995 kitabu chake cha Wagogo kilitolewa kwa Kiingereza, kikasomwa katika vyuo vikuu vya ng'ambo. Naye mzee Ernest Kongola, mwalimu mstaafu wa hapa kwetu, aliandika historia za koo za Wagogo. Mtaalamu wa historia kutoka Marekani alishirikiana naye, na mwaka 2006 kitabu chao kilitoka.

Wazee hao walihifadhi habari ambazo zingepotea. Kwa mfano, habari za njaa kubwa iliyoitwa Mtunya, iliyowapiga Wagogo mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza. Askari walichukua ng'ombe na nafaka, watu wakalazimishwa kubeba mizigo, kisha mvua zikakosekana. Anayejua sababu za njaa ya jana anaweza kujiuliza maswali mazuri juu ya akiba ya leo. Huo ndio ugali wa historia.

NGOMA NA MAIGIZO

Sanaa nayo ni kazi ya chuo. Katika miaka ya 1980 walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kama Penina Mlama na Amandina Lihamba, walikwenda vijijini. Mwaka 1982 na 1983 walikuwa Malya, mkoani Mwanza. Baadaye walikwenda Msoga, Bagamoyo. Hawakuja na mchezo uliokwisha kuandikwa. Waliwauliza wanakijiji, "Shida yenu ni nini?" Kisha wanakijiji wenyewe wakatunga ngoma, ngonjera na maigizo juu ya shida zao, kama vile matatizo ya vijana. Baada ya kuonyesha, watu walikaa wakajadiliana. Jambo ambalo mtu huona haya kulisema mkutanoni, aliweza kulisema kwa mchezo.

Hapa Ugogo muziki wetu umefika mbali. Hukwe Zawose, aliyezaliwa Doduma, alipiga ilimba na zeze, akafundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo, na kuimba nchi nyingi za dunia mpaka alipofariki mwaka 2003. Dk. Kedmon Mapana, Mgogo aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alifanya utafiti juu ya namna watoto wa Kigogo wanavyojifunza muziki. Zamani mtoto alijifunza kwa kukaa na wakubwa katika ngoma na jandoni. Shule zilipokuja na muziki wa namna nyingine, njia hiyo ilikatika. Utafiti huu unatuuliza: nani atamfundisha mjukuu wako kupiga ilimba?

UTAFITI UKIKOSEKANA

Pengine bado uko mtu anayesema kwamba utafiti ni kupoteza fedha. Tumkumbushe habari ya Kongwa.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikosa mafuta ya kula. Serikali yake ikaamua kulima karanga hapa Tanganyika: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Mpango ulikuwa wa ekari zaidi ya milioni 3. Mwaka 1946 wataalamu watatu walitembelea nchi kwa muda wa wiki 9 tu, wakaandika kwamba mpango unafaa. Mwaka 1947 kazi ikaanza. Matrekta yakaletwa kwa wingi.

Nini kilitokea? Vichaka vya Kongwa viliyashinda matrekta. Udongo wake, wakati wa kiangazi, ulikauka ukawa mgumu kama sakafu. Karanga zikanasa ardhini, hazing'oleki. Mvua haikutosha. Hapakuwa na kumbukumbu za kutosha za mvua za mahali pale. Wagogo walioishi hapo walilijua jua la nchi yao na udongo wake, lakini maarifa yao hayakutumiwa. Mwaka 1951 mpango ukaachwa. Fedha zilizopotea zilikuwa paundi milioni 36 hivi.

Shamba la majaribio la ekari chache, kwa misimu michache, lingeonyesha hatari hiyo mapema. Na swali moja kwa mzee wa Kigogo halina gharama yoyote.

MTAFITI AKIJA KWAKO

Siku moja utasikia hodi. Atakuwa kijana mwenye karatasi na kalamu, au simu ya mkononi. Atasema, "Shikamoo mama, natoka chuo kikuu, nina maswali machache." Mkaribishe. Lakini nawe una haki zako. Mwulize hivi:

1. Wewe ni nani, na unatoka chuo gani? Mtafiti wa kweli anayo barua au kibali, na amepitia kwa viongozi wa mtaa au kijiji. Watafiti wa kutoka nchi za nje hupata kibali kwa Tume ya Sayansi na Teknolojia, yaani COSTECH, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986.

2. Unatafuta kujua nini? Akueleze kwa lugha unayoielewa.

3. Je, ninaweza kukataa? Jibu la haki ni "Ndiyo." Unaweza kukataa swali moja au yote. Unaweza pia kuacha katikati. Hakuna anayeruhusiwa kukunyima huduma kwa sababu hiyo.

4. Jina langu litatajwa? Siri yako ilindwe. Akitaka kuchukua damu, picha au sauti yako, aombe ruhusa kwanza.

5. Matokeo tutayapata lini, na wapi? Hili tunalisahau mara nyingi. Wengi wamejibu maswali ya watafiti, wasione majibu tena. Tudai yarudishwe mkutanoni, kwa Kiswahili chepesi.

Usitie sahihi karatasi ambayo hujaisoma. Sasa unajua kusoma. Isome.

Nawe unapojibu, sema kweli. Usiongeze magunia ili usifiwe, wala usipunguze ili upate msaada. Ukimdanganya mtafiti, ushauri utakaorudi utakuwa wa uongo, na atakayeutumia ni wewe na jirani yako.

Ndugu msomaji, tumepita katika fizikia, maji, udongo, chakula, panya, historia, lugha na sanaa. Kazi zote hizo zilianza kwa mtu kuuliza swali na kutoridhika na jibu la haraka. Sisi nasi tunayo maswali. Kwa nini kisima fulani kina chumvi na cha jirani hakina? Kwa nini mbaazi za mwaka huu zimekauka kabla ya kutoa maua? Tuyaandike katika daftari la kikundi, pamoja na tarehe. Kisha tuyapeleke kwa bwana shamba au bibi shamba, au tutume wajumbe wawili mpaka chuoni. Waulize mlangoni ni nani anayeshughulika na jambo hilo. Mahali pale pamejengwa kwa kodi zetu.

MANENO YA KUKUMBUKA

Utafiti: kazi ya kutafuta ukweli kwa kuuliza, kupima na kuandika.

Maabara: chumba cha kupimia na kufanyia majaribio.

Sumukuvu: sumu inayotengenezwa na kuvu katika nafaka, karanga na vyakula vingine.

Kibali: ruhusa iliyoandikwa.

Ubunifu: kutunga au kutengeneza kitu kipya kwa akili.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Taja kazi tatu za chuo kikuu.

2. Mpemba aliuliza swali lake kwa mara ya kwanza akiwa Magamba mwaka 1963. Yeye na Osborne waliandika habari yake mwaka 1969. Ilipita miaka mingapi?

3. Kwa nini daftari za kina cha maji ya Makutupora zilikuwa na thamani kubwa? Je, katika mtaa au kijiji chenu ni kumbukumbu gani zinazofaa kuandikwa kila mwezi?

4. Fanyeni jaribio la chupa na chumvi kwa mahindi ya nyumba tatu. Andikeni matokeo. Nyumba gani inahitaji kuanika tena?

5. Mpango wa karanga wa Kongwa ulishindwa kwa sababu gani? Taja tatu.

6. Mtafiti amekuja, hana barua, na anataka kuchukua picha za watoto. Mtafanya nini?